Paavo Nurmi: Mkimbiaji aliyebeba saa mkononi

Mwezi Agosti 1996 nilikuwa kijana wa sekondari katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Asubuhi moja redio ya jirani ilitangaza kwamba Mrundi aitwaye Vénuste Niyongabo ameshinda mbio za mita 5,000 katika Olimpiki ya Atlanta. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Burundi kushiriki Olimpiki, na medali ya kwanza ikawa ya dhahabu. Wazee ambao hawakuwa wameiona nchi yao tangu 1972 walitoka nje, wakasimama barabarani wakitazamana. Sisi tuliozaliwa Tanzania, tulioijua Burundi kwa masimulizi tu, tulikimbilia uwanja wa shule.

Nami nilikuwemo. Wiki chache baadaye, katika mashindano ya shule, niliongoza mizunguko mitano ya mwanzo nikishangiliwa na watu wote. Kufika mzunguko wa nane miguu ilikuwa mizito kama magogo. Wakanipita mmoja mmoja, na nikamaliza nikiwa natembea. Mwalimu wetu wa michezo hakunicheka. Jioni aliniita, akanisimulia habari za mtu mmoja wa Ufini aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Tangu nirudi nyumbani mwaka 2009 na kuanza kufundisha huku kusini, si mbali na mpaka, nimewasimulia wanafunzi wangu habari hizo mara nyingi. Leo nawasimulia ninyi, wasomaji wapendwa, hasa wenzangu tuliorudi tukiwa na haraka ya kufidia miaka yote kwa siku moja.

Mtoto wa seremala

Paavo Nurmi alizaliwa tarehe 13 Juni 1897 katika mji wa Turku, kusini magharibi mwa Ufini. Wakati huo nchi yake haikuwa huru, ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa seremala. Familia iliishi katika nyumba ndogo, na baba alipofariki Paavo alikuwa na umri wa miaka 12 tu. Ingawa alikuwa mwanafunzi hodari, aliacha shule na kwenda kufanya kazi ya utarishi kwa mwoka mikate. Kazi yake ilikuwa kusukuma mkokoteni mzito kwenye vilima vya Turku, majira ya joto na majira ya theluji.

Wenzangu mnaosukuma baiskeli zenye madumu ya mawese kupanda milima mnajua kazi hiyo inavyofanya miguu na mgongo. Nurmi mwenyewe baadaye alisema kwamba vilima vile ndivyo vilivyomjengea nguvu. Alikuwa akifanya mazoezi bila kujua.

Mwaka 1912, alipokuwa na miaka 15, Mfini mwenzake Hannes Kolehmainen alishinda medali tatu za dhahabu katika Olimpiki ya Stockholm. Kolehmainen alishinda, lakini bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Urusi. Jambo hilo liliwauma Wafini kama ambavyo lingemuuma yeyote asiye na nchi yake. Siku chache baadaye Nurmi alinunua viatu vyake vya kwanza vya kukimbilia, na mwaka 1914 akajiunga na klabu ya riadha ya mjini kwao. Ufini ilipata uhuru mwezi Desemba 1917.

Mazoezi yake ya awali yalikuwa ya mtu asiye na mwalimu. Wakati wa baridi alitembea mwendo mrefu, wakati wa joto alikimbia misituni. Aliwahi hata kukimbia nyuma ya treni ili hatua zake zirefuke. Alipoingia jeshini mwaka 1919, alikimbia na bunduki begani na mzigo mgongoni katika shindano ambalo wenzake walikuwa wakienda kwa miguu. Lakini miaka mingi baadaye alikiri kosa lake. Mazoezi ya ujana wake yalikuwa ya namna moja tu, marefu na ya polepole mno. Yalimpa pumzi, hayakumpa kasi.

Somo la Antwerp

Mwezi Agosti 1920, katika Olimpiki ya Antwerp, Ubelgiji, Nurmi aliingia fainali ya mita 5,000. Alifanya yale yale niliyofanya mimi Ulyankulu: alishika uongozi kwa kasi kubwa akitaka kuwachosha wengine. Nyuma yake alikuwepo Mfaransa mfupi, Joseph Guillemot, askari ambaye mapafu yake yaliumizwa na gesi ya sumu katika Vita Kuu ya Kwanza. Guillemot alimng'ang'ania, na mwishoni akampita. Nurmi akapata fedha.

Siku tatu baadaye walikutana tena katika mita 10,000. Safari hii Nurmi aliwaacha wengine waongoze, akangoja, na katika mzunguko wa mwisho akashinda. Akaongeza dhahabu mbili za mbio za nyika, moja yake mwenyewe na moja ya timu. Mtu mwingine angerudi kwao akisherehekea dhahabu tatu. Yeye alibaki akiifikiria ile fedha.

Hapo ndipo tunafika kwenye saa. Katika miaka ya 1920 Nurmi alijulikana dunia nzima kwa kukimbia akiwa na saa ya kupimia mbio kwenye kiganja. Kabla ya shindano alijua kila sehemu ya mbio itachukua sekunde ngapi. Wengine walipotoka kwa fujo yeye aliitazama saa na kushika mwendo wake. Walipoanza kuchoka, mwendo wake ulikuwa ule ule, nao ndio waliorudi nyuma. Watazamaji walidhani anaongeza kasi.

Mtaji wa pumzi

Nieleze kidogo kwa nini njia hiyo inafaa. Mwili wa mkimbiaji una kasi ambayo pumzi inaweza kuihudumia. Hewa inayoingia inatosha kuchoma chakula kilichomo mwilini, na mtu anaweza kuendelea kwa muda mrefu. Akivuka kasi hiyo, mwili unatafuta nguvu kwa njia ya mkato, na njia hiyo huleta uchovu mkali ndani ya misuli. Ni sawa na mfanyabiashara anayevuka mpaka na mtaji wake. Akinunua kwa kiasi, anauza, anarudi tena wiki ijayo. Akikopa kwa riba siku ya kwanza ili aonekane tajiri sokoni, kila soko linalofuata analipa deni. Sekunde chache unazochuma katika mzunguko wa kwanza utazilipa mwishoni, tena kwa riba.

Tusichanganye jambo hili na ule usemi wetu wa pole pole. Nurmi hakwenda pole pole hata kidogo. Alikwenda kwa kasi kubwa kabisa ambayo angeweza kuishika mpaka mwisho, na hiyo ni tofauti kubwa. Ili uijue kasi hiyo lazima uifanyie mazoezi yenyewe. Mkokoteni na misitu havitoshi.

Kwa hiyo alibadilisha mazoezi. Katika mwaka wa 1924 siku yake ilianza asubuhi kwa kutembea kilomita 10 hadi 12, akichanganya na mbio fupi za nguvu. Baadaye alikimbia mita 80 hadi 120 mara nne au tano kwa kasi ya juu, kisha mita 400 mpaka 1,000 akijipima kwa saa, kisha kilomita tatu au nne huku akimalizia mzunguko wa mwisho kwa nguvu zote. Jioni alikimbia tena porini. Kwa macho ya leo ratiba hiyo ni ya kawaida. Enzi zile wakimbiaji wengi walifanya mazoezi mara chache tu kwa wiki.

Matokeo yalionekana mapema. Tarehe 23 Agosti 1923, mjini Stockholm, alikimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 10.4 akishindana na Edvin Wide wa Uswidi, aliyekuwa mwalimu wa shule kama mimi. Kwa rekodi hiyo Nurmi akawa mtu pekee katika historia kushika kwa wakati mmoja rekodi za dunia za maili, mita 5,000 na mita 10,000.

Saa moja mjini Paris

Ratiba ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924 iliweka fainali za mita 1,500 na mita 5,000 siku moja, na kati yake chini ya saa moja. Wengi waliona kwamba hakuna binadamu atakayezishinda zote mbili. Nurmi hakubishana nao, alikwenda kujipima. Mwezi Aprili mwaka huo alikuwa ameteleza kwenye barafu na kuumia goti. Lakini tarehe 19 Juni, mjini Helsinki, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 52.6, ikawa rekodi ya dunia. Akapumzika kidogo, kisha akakimbia mita 5,000 kwa dakika 14 na sekunde 28.2, nayo ikawa rekodi ya dunia. Hayo ndiyo mazoezi mahsusi: kuufanyia mwili kabla ya siku yenyewe jambo lile lile utakaloudai siku hiyo.

Tarehe 10 Julai ikafika. Katika mita 1,500 alitoka kwa kasi, akaitazama saa yake mara kwa mara, na alipoona hesabu imekamilika aliitupa kwenye nyasi na kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 53.6. Hakungoja pongezi, alikwenda kupumzika.

Chini ya saa moja baadaye akarudi uwanjani. Wide na Mfini mwingine, Ville Ritola, walijua Nurmi amechoka. Wakatoka kwa kasi kali kumvunja. Yeye hakuwafuata kwa papara. Alishika mwendo wa saa, akawafikia taratibu, na Wide alipoishiwa wakabaki Wafini wawili. Hapo tena Nurmi akaitupa saa. Hakuwa akishindana na muda tena, alikuwa akishindana na mtu. Ritola alijaribu kumpita katika mita za mwisho, na kila alipoongeza, Nurmi aliongeza kiasi cha kubaki mbele tu. Nurmi alipata dakika 14 na sekunde 31.2, Ritola 14 na 31.4.

Siku mbili baadaye, kwenye joto kali sana, watu 38 walianza mbio za nyika na 15 tu ndio waliomaliza. Wengine walianguka njiani, wengine walipelekwa hospitali. Nurmi alifika wa kwanza kama mtu aliyetoka matembezini. Mbio hizo zilitisha kiasi kwamba hazikurudi tena katika Olimpiki. Kesho yake alishinda tena na timu ya mita 3,000. Jumla dhahabu tano katika siku nne.

Alitaka pia mita 10,000, lakini viongozi wa timu yake hawakumpanga, na Ritola akashinda kwa rekodi ya dunia. Nurmi hakulalamika hadharani. Alirudi kwao, na tarehe 31 Agosti 1924 mjini Kuopio alikimbia umbali huo kwa dakika 30 na sekunde 6.2. Ni wastani wa sekunde 72 na kidogo kwa kila mita 400, mara 25. Rekodi hiyo ilidumu karibu miaka 13.

Siku saa iliposhindwa

Sitaki mdhani saa ilikuwa hirizi. Tarehe 11 Septemba 1926 mjini Berlin, Otto Peltzer wa Ujerumani alikimbia mita 1,500 akiwa nyuma ya Nurmi na Wide, akawaacha wao waweke kasi, kisha mwishoni akawapita wote wawili na kuvunja rekodi ya dunia. Nurmi akawa wa tatu. Mwendo wa sawasawa ni mzuri kwa kuvunja rekodi, lakini humsaidia pia yule anayejificha nyuma yako akiwa na kasi ya mwisho kuliko wewe. Ndiyo maana mpaka leo wakimbiaji wa mashindano makubwa hufanya mazoezi ya namna mbili, ya kushika mwendo na ya kubadilisha mwendo ghafla.

Katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, akiwa na miaka 31, alishinda mita 10,000 na kupata fedha mbili, katika mita 5,000 nyuma ya Ritola na katika mbio za kuruka viunzi na maji. Katika mchujo wa mbio hizo za viunzi alianguka ndani ya maji. Mfaransa Lucien Duquesne alisimama akamwinua. Nurmi, mtu aliyejulikana kwa ukimya na uso usiocheka, alilipa fadhila hiyo kwa kumwongoza Mfaransa huyo mpaka mwisho, na hata akataka kumpisha ashinde. Duquesne akakataa.

Hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya mwisho. Alipata medali 12 katika mbio 12, dhahabu 9 na fedha 3.

Mzunguko alionyimwa

Hakukusudia kuishia pale. Alitaka kufunga maisha yake ya riadha kwa marathoni ya Los Angeles mwaka 1932. Mwezi Juni mwaka huo, mjini Viipuri, alikimbia kilomita 40.2 kwa saa 2, dakika 22 na sekunde 4. Aliyemfuata, Armas Toivonen, aliachwa kwa dakika kama sita, na Toivonen huyo huyo ndiye aliyekuja kupata medali ya shaba Los Angeles. Lakini Shirikisho la Kimataifa la Riadha lilimfungia Nurmi. Lilisema alipokea malipo ya safari kupita kiwango katika ziara ya Ujerumani, na kwa hiyo si mwanamichezo wa ridhaa tena. Alisafiri hadi Marekani akitumaini kusamehewa, na siku chache kabla ya michezo kuanza mlango ukafungwa kabisa. Wafini walikasirika, wakiwatuhumu hasa viongozi wa Uswidi, na kwa miaka kadhaa nchi hizo mbili zikaacha kushindana katika riadha.

Nikifika hapa darasani huwa nanyamaza kidogo. Nilipovuka mpaka na vyeti vyangu vya Tanzania, ofisi moja iliniambia kwamba havitambuliki, kwa kuwa nilisoma kwa Kiswahili na Kiingereza. Nilikaa karibu miaka miwili nikiuza sabuni na dagaa sokoni huku nikijifunza Kifaransa usiku. Najua maana ya kujiandaa vizuri kisha mtu aliyeketi mezani akakuambia kwamba mbio hizi si zako. Baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu bado mnangoja jibu la namna hiyo.

Nurmi alifanya nini? Alikwenda kwenye mradi mwingine na kushika mwendo. Alifungua duka la nguo za wanaume Helsinki, akajenga majengo ya makazi mengi mjini humo, akatajirika. Mwaka 1940, baada ya nchi yake kuvamiwa na Urusi ya Kisovieti, alirudi Marekani pamoja na mkimbiaji Taisto Mäki kuchangisha fedha kwa ajili ya Wafini. Na tarehe 19 Julai 1952, Olimpiki ilipofanyika Helsinki, mtu aliyeingia uwanjani na mwenge akiwa na miaka 55 alikuwa yeye. Uwanja mzima ulisimama. Akawasha moto, kisha mwenge akapewa Kolehmainen, yule yule aliyemfanya anunue viatu mwaka 1912, ili auwashe moto wa juu ya mnara.

Katika uzee moyo wake ulidhoofika, na aliacha mfuko wa fedha wa kusaidia utafiti wa magonjwa ya moyo. Aliaga dunia tarehe 2 Oktoba 1973, akazikwa kwa heshima za taifa.

Saa imehamia uwanjani

Mwezi Oktoba 2020, mjini Valencia, jirani yetu Joshua Cheptegei wa Uganda alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11. Ni wastani wa sekunde 63 pungufu kidogo kwa kila mzunguko. Hakubeba saa. Kando ya njia kulikuwa na taa ndogo zinazowaka kwa kufuatana kwa kasi iliyopangwa, na mbele yake mwanzoni walikuwepo wakimbiaji wa kuongoza mwendo. Viatu vimebadilika, uwanja umebadilika, lakini hesabu ni ile ile ya kiganja cha Nurmi.

Sisi shuleni kwetu hatuna taa. Tuna uwanja wa vumbi, chokaa kidogo na simu yangu. Mwaka jana nilikuwa na binti wa miaka 17 aliyerudi kutoka kambi ya Nyarugusu. Kwa sababu ya lugha aliwekwa darasa moja na watoto wadogo, na alikuwa na aibu hata ya kunyoosha mkono. Uwanjani tu ndipo alipojiona sawa na wengine, na kila mara alitoka kama mshale, akaanguka kabla ya mwisho. Kwa miezi mitatu tulikimbia vipande vya mita 400, nikipuliza filimbi kila robo ya uwanja. Mwanzoni alifika kabla ya filimbi. Baadaye alifika nayo pamoja.

Katika mashindano ya mita 3,000 aliachwa nyuma mwanzoni, na mama yake, aliyekuja na beseni lake la nyanya kutoka sokoni, alinitazama kwa lawama. Binti alimaliza wa nne. Hakupata medali, lakini mzunguko wake wa mwisho ulikuwa wa kasi kuliko wa kwanza, na alimaliza akiwa amesimama. Jumatatu iliyofuata, darasani, nilipouliza swali kwa Kifaransa, kwa mara ya kwanza alinyoosha mkono.